Tupeane uzoefu: uliumia ukiwa chuoni na huna bima, ulitibiwaje?

Mtoa mada
Wakuu habari za jioni. Naomba walioumia wakiwa wanafunzi, hawana kadi ya bima, waje hapa waseme walivyotibiwa. Hela ilitoka wapi, nani alikushika mkono, kipi ungependa ungekijua mapema. Kuna wadogo zetu wameila hela ya bima wakisubiri bumu (hela ya mkopo ya kujikimu), kama nilivyofanya mimi.

Yangu ni ya 2019, Dar, mwaka wa pili. Bima ya wanafunzi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Nilikuwa nayo mkononi, bumu likachelewa, nikaila. Mwezi wa kwanza nikateleza bafuni hosteli, nikaangukia kiganja. Mkono ukavimba hapa kwenye kifundo. Nilijua eksirei ni hela, nikajiambia nimeteguka tu. Mwenzangu wa chumbani alinikanda kwa maji ya moto na chumvi kila usiku, mimi nimeng'ata kanga nisisikike. Siku ya tisa nikashindwa kushika kalamu kwenye testi, ndipo nikaenda. Daktari akaiinua picha kwenye mwanga: mfupa umevunjika, umepinda kama shingo ya kijiko, na umeanza kushika hivyo hivyo. Ikabidi nichomwe dawa ya usingizi wauvute upya, kisha hogo (plasta ngumu) wiki sita. Gharama ilipita ile 50,400 zaidi ya mara nne. CR, yaani kiongozi wa darasa, alipitisha daftari darasani, watu wakatoa elfu mbili mbili, Mungu awabariki. Mpaka leo kiganja hakigeuki chote. Nikipokea chenji, sarafu zinadondoka.

mwana_nyegezi
Pole sana dada. Mimi nilipakiwa kwenye bodaboda, gari likatugonga kwa nyuma. Mguu, chini ya goti. Wasamaria wakanikimbiza hospitali, na pale mapokezi swali la kwanza: PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, iko wapi? Rafiki yangu akatoka mbio kwenda polisi kuifuata, mimi niko kwenye benchi, mguu umefungiwa boksi la maji ya kunywa.

Nilidhani ile fomu ni ya kufungulia mlango tu. Kumbe kila chombo cha moto kinatakiwa kiwe na bima ndogo angalau, na bima ndogo kazi yake ni kumlipa mtu wa tatu aliyeumizwa, yaani mimi. Lakini wanataka PF3 iliyojazwa na daktari, ripoti ya trafiki, mchoro wa ajali na risiti zote. Risiti nyingi nilishatupa. Nililipwa kwa zile zilizobaki, tena baada ya miezi kumi na moja, na wakati huo mama alishamaliza hela yake ya vikoba kwa ajili yangu. Ukigongwa, hata kama unalia, mwombe mtu apige picha namba ya gari. Na karatasi yoyote utakayopewa hospitali, hata kipande cha kununulia glavu, weka.

dada_wa_iyunga
Naona hakuna aliyetaja ustawi wa jamii, na mimi ndio walioniokoa.

Nilikuwa nacheza mpira wa pete, nikatua vibaya, kifundo cha mguu kikavunjika sehemu mbili. Nikaambiwa ni upasuaji, nitawekewa chuma na skrubu, na nianze na malipo ya awali. Simu ilikuwa na shilingi elfu kumi na moja. Nilikaa kwenye korido tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Aliyenisaidia si daktari wala nesi, ni mama mmoja wa usafi. Alisimama na deki yake akaniuliza, "Mwanangu, umeshaenda ustawi?" Sikujua hata ni kitu gani. Akanisukuma kwenye kiti cha magurudumu mwenyewe mpaka mlangoni.

Ofisa alikuwa na kaunta buku kubwa. Akauliza wazazi wanafanya kazi gani, mnalima ekari ngapi, ada analipa nani, wadogo zako wangapi wako shule. Niliona aibu sana, maana msamaha nilioujua ni wa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee. Akaniambia asiyejiweza naye anaangaliwa, ila lazima athibitishe. Akataka barua ya mlezi wa wanafunzi na barua ya serikali ya mtaa wa nyumbani. Baba alipiga picha ya barua akanitumia siku hiyo hiyo, nakala halisi ikaja na basi. Nikasamehewa kitanda na upasuaji. Chuma nililipa mwenyewe, kwa awamu tatu. Kwa hiyo si kila kitu kinafutwa, lakini nilipasuliwa wiki ile ile.

Mtoa mada
Dada, mimi nilipita mbele ya mlango ulioandikwa hivyo nikadhani ni wa yatima. Nashukuru sana kwa hili.

kijana_wa_eldoret
Huku Kenya tangu Oktoba 2024 tuko na SHA, bima ya afya ya serikali, badala ya ile ya zamani ya NHIF. Nilivunjika mfupa wa bega uwanjani, nimejisajili lakini sijalipa hata ndururu. Kwa asiye na mshahara kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila unalipa ya mwaka mzima kwa mpigo, 3,600. Vijana wa bweni walichanga kwa simu usiku huo huo, saa tano hela ikafika. Jisajilini na mlipe mkiwa wazima.

mzee_wa_makambako
Wanangu, mimi ni mzazi. Kijana wangu alivunjika mguu akiwa chuo, akanificha wiki tatu. Kila nikipiga simu anasema yuko salama, anasoma. Siku moja ikapokelewa na mwenzake, nikasikia nyuma mtu anasema, "Mshikie magongo." Nilipanda basi la usiku. Nikamkuta kitandani, mguu juu ya ndoo iliyogeuzwa, hana bima, anadaiwa eksirei. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia baba yako? Akajibu, "Nilijua juzi umemlipia dogo ada."

Niliuza magunia manne ya mahindi kabla bei haijapanda. Anatembea sasa. Jumatatu tunarudi kutoa vyuma, na safari hii tunakwenda wote wawili.