Wanaoondolewa kongosho: tununue mashine ya sukari, au kwanza stripu za kupimia sukari?

Mleta mada, Ujiji:
Wakubwa shikamooni. Kuna mwenzetu hapa anataka hospitali za rufaa zinunue mashine inayodhibiti sukari yenyewe kwa wanaopasuliwa kongosho. Japani wanayo: inavuta damu kidogo kidogo, inasoma sukari, inasukuma insulini ya kuishusha au glukosi ya kuipandisha bila kungoja mtu.

Mimi napinga isiwe ya kwanza. Mama yangu mdogo aliondolewa kongosho lote, akarudi nyumbani na treni. Kongosho likitoka lote, insulini mwilini imekwisha, na glukagoni inayoinua sukari ikishuka nayo imekwenda. Kwa hiyo sukari yake hupanda na kuporomoka ghafla. Usiku mmoja nilimkuta kalowa jasho, khanga imemganda mgongoni, anataja watu waliokufa zamani. Stripu zilikuwa zimeisha siku ya tatu. Nilimnywesha maji ya sukari kwa kubahatisha, namshukuru Mungu alikuwa bado anameza.

Muuguzi, Gungu:
Pole sana mwanangu. Ila njoo wodini uone. Aliyetoka theatre yuko kwenye dripu ya insulini, apimwe kila saa, na usiku tupo wawili. Sukari ikimshuka hawezi kukuambia anatetemeka, bado ana usingizi wa dawa. Mashine haisinzii.

Na kushusha sukari kwa nguvu si mchezo. Utafiti wa NICE-SUGAR wa 2009 ulifuata wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000. Waliobanwa sukari kati ya 4.5 na 6.0 (mmol/L, kipimo cha sukari ya damu) walikufa asilimia 27.5 ndani ya siku 90; walioachiwa hadi 10 walikufa asilimia 24.9.

Mleta mada:
Mama, nimekuelewa, na wawili usiku ni wachache mno, hilo nalidai pamoja nawe. Lakini takwimu hizo hizo zinanipa nguvu. Kama kuachia hadi 10 ndiko kulikookoa wengi, basi huko kunafikika kwa stripu za kila saa na muuguzi wa tatu. Mashine inakaa na mgonjwa siku chache. Mama mdogo ataishi bila kongosho miaka yote, insulini yake ikipozwa kwenye mtungi.

Nikuulize: jana usiku wodini stripu zilikuwepo?

Muuguzi, Gungu:
Za wodi zilikuwepo. Niliyemruhusu asubuhi aende kwao Kasulu sikuwa na hata moja ya kumpa.