Ditekta ya metali na ulinzi wa mambo ya kale kabla ya kujenga kijijini: naomba utaratibu

MsimamiziViwanja
Wakuu, habari za kazi. Kuna ekari 6 kijijini, pwani ya kusini mwa Tanzania, zimepimwa viwanja 38 vya makazi. Ripoti ya athari kwa mazingira imeweka sharti: eneo lipitiwe na ditekta ya metali, kisha mwanaakiolojia awepo udongo wa juu unapoondolewa. Upande wa mikoko kuna vigae vichache vya vyungu na makombe mengi. Mkandarasi anasema ditekta ipite siku mbili, isipolia greda liingie. Inatosha kweli? Mistari iachane kiasi gani?

Kigae_na_Shanga
Haitoshi, mkuu. Ditekta husikia metali tu. Kijiji cha nyumba za miti na udongo cha karne ya 8 au ya 9 huacha vigae, makombe, mifupa ya samaki, shanga, udongo ulioungua na madoa ya nguzo, yaani alama nyeusi udongoni pale nguzo zilipooza. Metali yake mara nyingi ni mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha na kufua chuma), tena machache. Ditekta inaweza kunyamaza juu ya kijiji kizima. Hayo makombe na vigae ulivyoviona yana uzito kuliko mlio wowote.

Kwanza watu watembee eneo lote wakiangalia chini, hasa kwenye mashimo ya kaa, vichuguu na kingo za njia, ambako udongo wa chini umeshatolewa juu. Kisha vichimbwe vishimo vya majaribio vya sm 50 kwa 50, kimoja kila mita 20. Kwa ekari 6 ni kama vishimo 60. Mteremke sm 10 kwa sm 10, na udongo wote uchekechwe kwa wavu wa mm 5. Shanga ndogo hupenya wavu huo, kwa hiyo kila tabaka litoe ndoo moja ya kupitisha wavu wa mm 2.

Vishimo hivyo navyo ni uchimbaji, vinataka leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Iombwe mapema, kwa jina la mtaalamu atakayesimamia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa, awe mtaalamu au kibarua.

Koili_11
Upande wa ditekta: funga kamba kila mita 2. Ekari 6 ni mita za mraba 24,000 hivi, yaani kilomita 12 za kutembea polepole, halafu unarudia kwa kukatisha ile mistari, maana sarafu iliyosimama kwa ubavu hupotea ukipita kwa upande mmoja tu. Siku mbili kwa mtu mmoja ni kulipua kazi.

Usizime sauti ya chuma. Misumari na mavi ya chuma ni sehemu ya ushahidi. Na senti nyembamba ya shaba hulia karibu sawa na kizibo cha soda au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, hivyo ukichuja takataka unaichuja na yenyewe. Karibu na mikoko, chumvi kwenye udongo wenye maji huiliza ditekta ovyo. Fanya kazi kiangazi, isawazishe upya kila udongo unapobadilika, na upunguze ukali kidogo. Kitu kidogo kikipita sm 15 au 20 usitegemee kukisikia.

Kila mlio upewe kibendera na namba. Kinachotolewa kiwekwe kwenye mfuko wake peke yake, na kiandikwe kina na umbali kutoka bikoni mbili (nguzo za mipaka za wapimaji). GPS ya simu hukosea mita kadhaa, haifai hapa. Mkipata senti ya Kilwa, yaani sarafu ya shaba ya masultani wa zamani wa Kilwa, itaonekana kama ganda la kijani lenye ukubwa wa ukucha. Upande mmoja kuna jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtaja Mungu yanayofanya vina na jina hilo. Maandishi hayo yamekaa ndani ya ganda hilo la kutu. Ukisugua kwa mchanga au ndimu, umeyafuta. Iache na udongo wake.

Na usidharau vitu vidogo: Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo sana, pamoja na dhahabu chache.

MsimamiziViwanja
Nashukuruni sana. Na siku ya mitambo?

Kigae_na_Shanga
Greda hapana. Linasukuma udongo na kuukanyaga, madoa ya nguzo yanavurugika. Tumia kijiko (mtambo wa kuchimba, ekskaveta) chenye bakuli pana lisilo na meno, kirudi nyuma kikikwangua sm 10 kila mara, na kisikanyage palipokwisha kukwanguliwa. Mtaalamu asimame mbele ya bakuli akiwa na mamlaka ya kusimamisha kazi, na hilo liandikwe kwenye mkataba wa dereva. Ditekta ipite kila tabaka na kila lundo la udongo. Doa jeusi la mviringo la sm 15 hivi likitokea, lizungushieni kamba na msiendelee hapo.

Wengi husahau mashimo ya choo. Msingi unaishia sm 90, choo kinateremka mita 3, na ndicho kinachotoboa matabaka ya zamani. Kila shimo la choo lisimamiwe kama msingi.

Ikitokea mifupa ya mtu, kazi isimame, pafunikwe, waitwe serikali ya kijiji, polisi na shehe wa hapo kabla ya yeyote kugusa.