Ushauri wakuu: nataka kuacha uhadhiri nifungue kampuni ya akili mnemba

Mwana wa Kitonga
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mhadhiri msaidizi chuo kimoja cha umma, miaka 33, mke na watoto wawili. Mwaka wa nne sasa naifundisha kompyuta kusikia Kiswahili cha mtaani, sio kile cha taarifa ya habari. Imeanza kusikia. Juzi nimeiwekea sauti ya konda wa Mbagala, ikaandika mpaka "suka, shusha hapo mbele". Nataka niache kazi nifungue kampuni. Mmarekani Danny Hillis alianzisha kampuni ya kompyuta, Thinking Machines, mwaka 1983 akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha MIT, chini ya Marvin Minsky, mmoja wa waasisi wa akili mnemba, na mwanafizikia Richard Feynman mwenye Nobel akaja kumfanyia kazi. Mimi nasubiri nini? Usingizi sipati. Swali langu ni moja: nianze lini?

Tikiti Maji
Mkuu, kazi ya serikali usiache. Mimi niliacha 2016 nikaenda kulima matikiti Ruvu. Mwezi wa kwanza mafuriko, wa pili wadudu, wa tatu bei ikaanguka tukawa tunawalisha ng'ombe wa jirani. Ila yalikuwa matamu yale matikiti, sijapata kuona.

Babu Kijiwe
Huyo Feynman siku ya kwanza aliripoti kazini, wakamtuma dukani kununua vifaa vya ofisi. Ukifungua kampuni utuajiri sisi, chapati tunajua zinapouzwa.

Fundi Saketi
Mtoa mada, hiyo hadithi umeikatia kwenye utamu. Hillis alitengeneza mashine ya prosesa 65,536, kila moja ndogo, zote zinafanya kazi kwa pamoja, eti ifikiri kama ubongo. Boksi jeusi lenye taa nyekundu, zuri kweli kweli. Waliokuja kuinunua wengi wakawa wanasayansi wanaotaka kupiga mahesabu yenye desimali, na ile ya kwanza haikuwa na saketi za kazi hiyo. Ikabidi waziongeze kwenye toleo la pili, CM-2, mwaka 1987. Mtafiti alijenga anachokipenda yeye, mteja alikuwa na shida nyingine.
Na fedha nyingi zilipitia mlango mmoja, DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani. Mlango ulipobana, mwisho. Juni 1993 mashine yao nyingine, CM-5 ya maabara ya Los Alamos, iliongoza orodha ya kwanza kabisa ya TOP500, ile ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani. Agosti 1994 kampuni ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadai. Miezi kumi na minne tu! Sasa niambie: wateja wangapi, na mtaji umetoka wapi?

Mwana wa Kitonga
Mtaji upo. Mteja yupo mmoja ila mkubwa, anasaini Oktoba.

Fundi Saketi
"Upo" sio jibu. Umetoka wapi?

Mwana wa Kitonga
Naona mnanihukumu kabla. Sawa. Mashine ya kufundishia modeli nimeshanunua, milioni 14, ipo sebuleni nimeifunika kanga. Mke wangu ni mweka hazina wa kikoba. Nimeazima, sijaiba. Yeye anajua milioni nne tu. Kikoba kinavunjwa Desemba, mteja analipa Oktoba, hesabu inakaa vizuri. Barua ya kuacha kazi nimempa katibu muhtasi wa idara, ila nimemwomba aikalie kwanza. Hata Hillis hakuanza na hela yake.

Mama Ushauri
Umeazima kwa nani? Yupi kati ya hao akina mama alikukopesha? Kuna mtu hapo anasubiri Desemba alipe ada ya mtoto. Rudisha, kisha upige magoti kwa mkeo.

Fundi Saketi
Na Hillis alipoanguka aliangukia godoro. Mwaka 1996 Disney wakamchukua, 2000 akaanzisha Applied Minds, 2005 Metaweb, na 2010 Google wakainunua. Wewe ukianguka unaangukia sementi, tena na mkeo umemshika mkono.

Mzee wa Data
Mnatoa machozi bure, hii ni chai. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Huyu alifunguaje? Halafu mwezi wa nne huyu huyu alifungua uzi anajiita dereva wa lori la Tunduma.

Babu Kijiwe
Chai ya maziwa, iliki imo. Naomba na kitafunwa.

Mwana wa Kitonga
Ule uzi wa lori nilimwandikia shemeji. Na kikoba chetu hakina sanduku siku hizi, hela zinakaa kwenye simu. Laini ya kikoba anashika mke, namba ya siri naijua. Sio chai.

Tikiti Maji
Hiyo mashine inakula umeme unit ngapi kwa siku? Pampu yangu ya Ruvu ilikuwa inanimaliza.

Dada wa Goba
Mimi naulizia kanga tu. Ni ya zambarau yenye maua meupe, imeandikwa MUNGU NI MWEMA? Maana hiyo ndiyo sare tuliyoshona kikoba mwezi wa tatu. Na Jumapili tulipoomba salio, mweka hazina alituambia mtandao unasumbua. Mumewe anafundisha chuo.

Mzee wa Data
Nafuta kauli yangu ya chai.

Mwana wa Kitonga
Wasimamizi, naomba mfute huu uzi haraka.

Babu Kijiwe
Dada wa Goba, kikao kingine lini? Nauli ya kuja ninayo.