Taa ya tangi la samaki inapepesa, na vitaa vitatu vimezima

Mshangani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Shangani, Mtwara. Nina tangi la lita 40, samaki wadogo aina ya gapi na mimea kidogo ya majini. Taa yake ni utepe wa LED uliobandikwa chini ya mfuniko, na adapta ni ya volti 12. Ikiwashwa inawaka vizuri, lakini ikishapata moto inaanza kupepesa. Tena upande wa chujio, pale maji yanaporuka, vitaa vitatu vinavyofuatana vimezima kabisa. Soketi nimebadilisha, hali ni ileile. Dukani wananiambia ninunue taa nzima. Nisaidieni, mimea imeanza kunyong'onyea.

Fundi wa Rahaleo
Kaka, kwanza chomoa adapta ukutani, usiishie kwenye swichi. Upande wa taa ni volti 12, lakini ndani ya adapta umeingia umeme wa 230, na adapta iliyorukiwa maji si ya kuiamini. Ukija kurudisha, waya uning'inie chini kupita usawa wa soketi ndipo upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme. Hili naliomba sana, hasa kama nyumbani kuna watoto.

Sasa taa. Hapo naona una magonjwa mawili. Tepe nyingi za volti 12 zimegawanywa mafungu ya vitaa vitatu, kila fungu na rezista yake, yaani kile kidude cha kupunguza umeme. Kitaa kimoja kikifa, au kiungo kikiachia, fungu lote linazima na mengine yanaendelea kuwaka. Kwa hiyo hivyo vitatu usiilaumu adapta.

Kupepesa ndiko kunakohitaji mita ya kupimia umeme. Iweke DC (mkondo mnyoofu), pima volti kwenye ncha za adapta taa ikiwa imewaka: mara moja ikiwa baridi, mara ya pili ikianza kupepesa. Zikishuka hadi 10 au 9, adapta imechoka. Zikibaki 12, tikisa polepole pale inapochomekwa, kiungo kimelegea. Ukinunua nyingine volti ziwe 12 zilezile, na ampea zisipungue zilizoandikwa kwenye ya zamani. Ampea zikizidi hakuna shida.

Bi Mchinga
Nikiwa huku Lindi, mwanangu, chumvi ya bahari naijua, upepo wa kusi ukivuma kila chuma kinaliwa. Angalia hapo palipozima kama shaba imeota ukijani. Sugua kwa mswaki laini wenye spiriti, uache pakauke kabisa. Ukitaka kuziba, usitumie silikoni yenye harufu ya siki, inakula shaba. Wala ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu, ni sumu kwa samaki.

Gapi wasikutie hofu, mwanga wa mchana chumbani unawatosha. Ila usilisogeze tangi juani, maji yatachemka na mwani utajaa. Taa ikipona, saa nane kwa siku zinaitosha mimea.

Mshangani
Shikamoo mama, asanteni wote. Nimepima: ikiwa baridi 12, ikipepesa 9. Adapta mpya nimepata, kupepesa kumekwisha. Ukijani nimeukuta na nimeusafisha, lakini vile vitatu havijawaka.

Fundi wa Rahaleo
Basi fungu hilo limekufa. Chomoa, likate kwenye alama za mkasi pande zote mbili, popote pengine usikate. Halafu unganisha vipande vilivyobaki kwa nyaya mbili fupi, lehemu kwa risasi, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Funika viungo visiguse fremu kama ni ya aluminiamu. Na mdomo wa chujio ugeuzie upande mwingine, maji yasirukie hapo tena.