Mourinho baada ya Fenerbahçe: klabu nyingine au timu ya taifa? (Septemba 2025)

Mlinzi wa Kati: Wakuu, Fenerbahçe ya Uturuki wamemfungashia virago kocha Mourinho tarehe 29 Agosti 2025, siku mbili tu baada ya Benfica kuwatoa kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa. 0-0 Istanbul, 1-0 Lisbon. Na aliyewafunga, Aktürkoğlu, ndiye huyohuyo wamemsajili sasa. Mzee ana miaka 62. Klabu zimeshamshinda, achukue timu ya taifa. Kombe lake la maana la mwisho ni Europa ya 2017, maana lile la Roma, Conference League ya 2022, ni kombe la mbuzi. Mnaonaje?

Kijiba: Kombe la mbuzi? Roma walikuwa hawajagusa kombe lolote tangu 2008, akaja akawapa la Ulaya, 1-0 dhidi ya Feyenoord pale Tirana. Mwenyewe alitoa machozi. Mbuzi gani huyo?

Mlinzi wa Kati: Feyenoord, mkuu. Umeisoma timu uliyoitaja?

Dakika 90: Kwenye swali lenyewe. Timu ya taifa haimfai, na sababu ni ratiba ya mazoezi. Anafuata mfumo wa Vítor Frade, mwalimu wa mazoezi wa Porto, unaotaka wiki nzima kati ya mechi na mechi. Ukicheza Jumapili: Jumatatu mapumziko, Jumanne kurudisha miili, Jumatano vikundi vidogo kwenye eneo finyu na mikimbio mifupi ya kusimama na kugeuka, Alhamisi kumi na moja kwa kumi na moja uwanja mpana, Ijumaa kasi, Jumamosi kazi nyepesi na mipira iliyokufa, kama kona na frikiki. Kila siku inagusa kipande kimoja cha mechi ijayo. Timu ya taifa wanaingia kambini Jumatatu, wengine Jumanne usiku, waliocheza Jumapili hawafai kukimbizwa kwa siku mbili, na mechi ni Alhamisi au Ijumaa. Unabaki na vipindi viwili, na kimoja kinaishia kwenye kona.

Mzee wa Kaunta: Viwili vinamtosha kupaki basi, yaani kurundika watu nyuma. Safu mbili za wanne, mita kumi hivi kati ya safu na safu, beki wa pembeni mmoja akipanda mwenzake anabaki. Hilo hata mchezaji aliyeshuka kwenye ndege asubuhi analielewa. Kinachotaka miezi ni kukaba kwa juu, karibu na goli la wapinzani, kwa sababu mmoja akichelewa hatua mbili, wote nyuma yake wameachwa uchi.

Dakika 90: Na dakika ya 82 je? Spurs (Tottenham) yake na West Ham, Oktoba 2020, wanaongoza 3-0 mpaka hapo, ikaisha 3-3. Basi likirudi hadi kwenye mstari wa boksi, mshambuliaji wako anabaki peke yake mbali huko, kila mpira unaoondolewa unarudi, na mpira wa pili unaokotwa na mtu asiyekabwa. Lanzini wa West Ham alipigia palepale bao la tatu. Kujilinda chini kunahitaji mtu wa kushika mpira mbele sekunde nne, tano, timu ipande. Ukimkosa huyo, hiyo si mbinu, ni kusubiri kufungwa.

Shabiki wa London: Spurs msitutaje. Walimfukuza siku moja kabla ya fainali ya Kombe la Ligi na Man City halafu leo tatizo ni Lanzini?

Dakika 90: Siku sita. Aprili 19, fainali Aprili 25, 2021.

Shabiki wa London: Sita, moja, kombe hatukupata. Wakaacha fainali mikononi mwa kijana wa miaka 29, Ryan Mason.

Kijiba: Bado nasubiri. Kombe la tatu kwa ukubwa Ulaya likiwa la mbuzi, Yanga 2023 na Simba 2025 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika walicheza fainali ya nini? Ya kuku?

Jangwani Damu: Yanga imeingiaje hapa? Sisi tulipoteza kwa bao la ugenini, 2-2 na USM Alger kwa jumla, tukashinda kwao Algiers. Wa Msimbazi ndio walipigwa 2-0 Berkane, marudiano wakaambulia sare Zanzibar.

Mzee wa Kaunta: Hongereni kwa kushinda marudiano. Medali ilikuwa ya rangi gani?

Jangwani Damu: Ileile mliyoleta nyinyi, mkaificha.

Mlinzi wa Kati: Ndugu zangu, Mourinho.

Kijiba: Wewe ndiye uliyeleta mbuzi humu. Na kama hoja ni umri, Ranieri aliichukua Roma hiyohiyo Novemba 2024 akiwa na miaka 73, timu iko nafasi ya 12, akaimaliza ya tano. Mourinho misimu yake miwili kamili pale alimaliza wa sita, wa sita.

Mlinzi wa Kati: Sasa hapo unamtetea au unamzika?

Kijiba: Nasema umri si hoja.

Dakika 90: Hoja iko Istanbul. Msimu wa kabla yake Fenerbahçe walimaliza na pointi 99, wamefungwa mechi moja tu ya ligi, na bado Galatasaray wakachukua ubingwa kwa 102. Kocha wa hapo, Kartal, akaondoka. Akaletwa Mourinho, wakawa wa pili tena, tena kwa pointi pungufu. Anayemtaka kwenye timu ya taifa atuambie kwanza ni kipi alichoongeza pale akiwa na mazoezi ya kila siku.

Mzee wa Kaunta: Aliongeza mikutano ya waandishi.

Shabiki wa London: Kijana wa miaka 29, jamani. Dhidi ya Guardiola.