Tupeane uzoefu: kasoro ndogo uliyoizoea, kumbe ilikuwa inakuonya

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Naanza na yangu. Simu yangu ilianza kuyumba mezani. Ukiilaza na kuigusa pembeni inazunguka kama pia. Nikadhani ni meza. Wiki ya pili kioo kikaachia upande mmoja, mwanya ukatosha kuingiza ukucha. Nilichofanya ni kukibana kwa mpira kila usiku. Asubuhi kinakuwa kimelala, mchana kinainuka tena. Nimeenda hivyo karibu miezi miwili, na usiku naichaji chini ya mto.

Fundi alipoifungua hakusema neno. Aliigeuza taratibu nione: betri imejaa kama kifurushi kilichopulizwa. Akaitoa kwa kibanio cha plastiki, akaenda kuiweka kwenye ndoo ya mchanga nje ya mlango, ndipo akarudi kunieleza. Kimiminika cha ndani ya betri ya lithiamu kikianza kuharibika kinatoa gesi, na gesi hiyo haina pa kwenda. Utando unaotenganisha upande chanya na hasi ni mwembamba kuliko unywele. Ukipasuka, pande mbili zikagusana, joto linazaa joto na halisimami tena. Na mimi kila usiku nilikuwa naibana kwa mpira.

Kibaya zaidi, habari za simu za Galaxy Note 7 za mwaka 2016 nilikuwa nazijua zote. Samsung waliziita zirudi kwa sababu zilikuwa zinawaka, wakawapa watu nyingine, na hizo nazo zikawaka, hadi Oktoba mwaka huohuo wakaacha kabisa kuzitengeneza. Januari 2017 walitangaza kilichopatikana: betri za mtengenezaji mmoja zilibanwa kwenye kona, za mwingine zilikuwa na vichomozo vidogo vya kulehemu. Kona na kichomozo, basi. Niliisoma hiyo na kuwasimulia wenzangu, halafu nikalala juu ya betri iliyovimba.

Ndiyo maana nimeleta uzi. Dalili niliiona, tena mapema. Nilichofanya ni kuizoea. Wewe uliona nini, ulisikia au kunusa nini kila siku, ukakipa jina la kukituliza? Tuelezane kwa undani, maana mwenzako anaweza kuwa anakiona hichohicho sasa hivi.

Waya Mbili

Mkuu umegusa penyewe. Mimi ni fundi umeme, na neno ninaloambiwa kila wiki ni moja: "inatekenya tu." Mashine ya kufulia inatekenya, jokofu linatekenya, bomba la bafuni linatekenya.

Kuna mama mmoja alinionyesha dawa yake. Kabla ya kugusa mlango wa mashine anavaa ndala. Ndala zenyewe zimewekwa pembeni ya mashine, zina kazi hiyo tu. Nilifungua plagi nikakuta waya wa ethi umekatika, ncha imeshapiga weusi, kwa hiyo si jambo la jana. Umeme unaovuja kwenye bodi ulikuwa unatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia pekee iliyobaki ilikuwa yeye.

Tuwekane sawa kwenye vipimo. Miliampia 1 hivi mtu anaanza kuihisi. Huko ndiko kutekenya. Zikifika kama 10 misuli inabana na mkono haufunguki, unaona kabisa unataka kuachia na huwezi. Zikizidi 30 na zikapita kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Sasa breka ya ampia 16 ni miliampia 16,000. Itakaa imetulia huku mtu anakufa, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya usiungue.

Kinacholinda mtu ni ile swichi inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Mafundi tunaiita RCD. Ikiona tofauti ya miliampia 30 inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe kidogo kimeandikwa T, na watu wengi hawajawahi kukibonyeza tangu ifungwe. Kibonyeze. Lazima ikate.

Na kutekenya kwa leo ni kwa sababu ndala ni kavu na sakafu ni kavu. Siku maji yakimwagika, mashine ni ileile na mtu ni yuleyule.

Bi Maabara

Ngoja niandike yangu ingawa bado inanipa shida kuisimulia.

Jenereta letu tuliliweka stoo, chumba kinachopakana na sebule. Mlango wa stoo tunaufunga kupunguza kelele. Kila umeme ukikatika jioni, ikifika saa moja hivi tangu tuliwashe, kichwa kinanigonga. Nikasema ni kelele. Nikitoka nje kuongea na simu kinapoa. Nikasema ni upepo. Miezi mitatu nina jibu la kila kitu.

Jioni moja mtoto wangu mdogo akatapika. Mkubwa akainuka amsaidie, miguu ikamkatalia, akakaa chini palepale kwenye zulia akacheka kama mlevi. Nina kile kifaa cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Nikambana nacho. Kikasoma 98. Jamani, nilipumua nikasema mafua tu haya, tulaleni.

Kilichotuokoa ni kwamba mafuta ya jenereta yaliisha. Kimya kilipoingia ndipo nikasikia kichwa changu kinavyogonga bila kelele yoyote, nikakumbuka kitu ninachokijua vizuri kabisa, maana damu ndiyo kazi yangu. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Himoglobini inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Na kile kifaa cha kidole kinatazama jinsi damu inavyopitisha mwanga. Damu iliyobeba gesi hiyo nayo inaonekana kwake kama iliyojaa oksijeni, kwa hiyo kinaandika 98 huku mtoto anakosa hewa.

Tuliwavuta nje wote wawili, tukaenda hospitali, wakawekewa oksijeni. Wapo, wazima, namshukuru Mungu.

Ukinisoma, beba hili moja: watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, toeni kila mtu kwanza, maswali baadaye. Jenereta likae nje, mbali na madirisha na milango. Dirisha kuachwa wazi hakutoshi.

Mwanzisha uzi

Dada, pole sana. Hiyo 98 imenikaa kichwani. Nilikuwa naamini kifaa hicho hakidanganyi.

Nati na Bolti

Yangu fupi. Gari lilikuwa linalia tak, tak, tak likiwa mwendo mdogo, likikimbia linanyamaza. Nikaongeza sauti ya redio. Wiki nzima. Nilipokuja kushuka kuangalia, gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na nati mbili kati ya tano, na moja nilifungua kwa vidole. Nilikuwa nimebadilisha tairi mwenyewe wiki hiyohiyo, sikurudia kukaza baada ya kutembea kidogo. Siku hizi narudia kukaza kila nikishafunga gurudumu, hata kama aliyefunga ni fundi bingwa.

Mwandika Programu

Kwetu ofisini dalili zinakuja kwa barua pepe. Seva zilikuwa zinatutumia tahadhari, mwanzoni tano kwa siku, baadaye mia. Nyingi hazina maana: diski imefika asilimia 80, imeshuka 79, imefika 80. Nikatengeneza folda, nikaagiza zote ziingie humo bila kunipigia kengele.

Siku diski ilipokufa nikaenda kwenye nakala rudufu. Mafaili yapo, yana majina na tarehe, yamepangwa vizuri. Nikatazama safu ya ukubwa: baiti 0. La juu yake, baiti 0. Programu ya kunakili iliishiwa nafasi wiki sita nyuma, na kila usiku saa 8 iliniandikia kuniambia. Barua 42 nilizikuta kwenye ile folda, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Kazi ya wiki sita ya watu tisa ilipotea, na wawili kati yao siwezi kuwatazama machoni hadi leo.

Baada ya hapo nikaanza kusoma ajali za programu, na iliyonishika ni ya mashine ya Therac-25, ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya 1985 na 1987 iliwapiga wagonjwa 6 mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Skrini ilikuwa inaandika hitilafu namba 54, bila maelezo ya maana, na mwendeshaji aliweza kuendelea kwa kubonyeza herufi P. Hitilafu ndogondogo zilikuwa za kila siku, kwa hiyo P nayo ilikuwa ya kila siku. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi halisi vinavyozuia mionzi hata programu ikikosea. Kwenye hii viliondolewa, programu ikaachiwa kila kitu.

Simlaumu aliyebonyeza P. Mashine ndiyo iliyomfundisha kubonyeza.

Kwetu sasa tahadhari isiyohitaji mtu kuchukua hatua inafutwa kabisa, haiwekwi folda. Na nakala haihesabiwi kuwa nakala mpaka irudishwe kwenye mashine nyingine na kufunguliwa.

Kijana wa Leo

Samahani wakuu, mimi napingana kidogo. Naona mnawatia watu hofu. Vifaa vya sasa vina sensa kila mahali, hitilafu ikitokea vinajizima. Mtu akianza kushuka kwenye gari kwa kila mlio, ataishi lini? Nyumba yangu ni mpya, kila kitu kimefungwa kwa viwango. Naamini waliosomea.

Zege

Kijana, nakuheshimu, ila sensa nayo ni kitu kinachoharibika. Chukua ndege ya Boeing 737 MAX. Ina sensa mbili za kupima pembe ya ndege na upepo, lakini ule mfumo wa kuinamisha pua, MCAS, ulikuwa unasikiliza moja tu kwa wakati. Ile moja ikisema uongo, ndege inajiinamisha. Oktoba 29, 2018 wakafa watu 189 Indonesia. Machi 10, 2019 wakafa 157 Ethiopia. Na hapa ndipo uzi huu unapohusika: siku moja kabla ya ajali ya kwanza, ndege hiyohiyo ilisumbua vilevile hewani, marubani wakaidhibiti wakatua salama. Kesho yake ikaruka tena na abiria. Dalili ilikuwa imeshafika ikiwa na saa na tarehe.

Yangu ni ya ufa. Juu ya mlango wa chumba kimoja palikuwa na ufa, nikaziba kwa plasta, nikapaka rangi. Ukarudi. Nikaziba tena. Mara ya tatu mzee mmoja wa ujenzi alinikuta na mwiko mkononi, akaniambia, "Wewe unaufuta, hujausoma." Akachukua penseli, akachora mstari mwembamba kwenye ncha ya ufa na kuandika tarehe pembeni. Akaweka na alama mbili, moja kila upande, tupime umbali kati yake. Wiki nne baadaye ncha ilikuwa imeupita mstari kwa upana wa kidole, na upande mmoja ulikuwa umeshuka kidogo kuliko mwingine. Ufa wa plasta kukauka hauendi hivyo. Tulipochimba pembeni ya msingi tukakuta bomba linavuja, udongo umekuwa uji.

Penseli na tarehe. Hakuna kifaa cha bei ndogo kuliko hicho.

Mwalimu wa Fizikia

Mimi niongeze kwa upande wa habari za sayansi, maana kule pia tunazoea.

Septemba 2011 ilitangazwa kwamba chembe za nyutrino zilizotoka maabara ya CERN kwenda maabara ya Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, zilifika nanosekunde 60 kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Nikaingia darasani nikiwa na furaha ya ajabu, nikawaambia wanafunzi Einstein, aliyesema hakuna kinachoupita mwanga, amepitwa. Waliandika kwenye madaftari. Februari 2012 watafiti wakasema wamekuta kebo ya nyuzi za kioo iliyokuwa haijakazwa vizuri. Kilichonigusa ni kwamba tangu siku ya kwanza walisema: tumetafuta kosa hatulioni, tusaidieni kulitafuta. Mimi sehemu hiyo sikuifikisha darasani.

Basi nikajiuliza, kwangu kuna nini ambacho hakijakazwa? Kila mwaka kwenye jaribio la pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye kamba, wanafunzi wanapata mchapuko wa uvutano (jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka) 9.9 na kitu badala ya 9.8. Kila mwaka nasema, "kosa la kawaida la vipimo." Nikachukua rula ya mita nikaitazama kwa karibu. Upande wa sifuri umelika, mbao imechakaa kiasi cha milimita 6. Kila kamba ya sentimita 50 waliyopima ilikuwa fupi kuliko walivyoandika. Wanafunzi walipima sawasawa miaka yote, nikawaandikia kwa kalamu nyekundu kwamba wamekosea.

Bi Maabara

Mwalimu, hapo kwenye kalamu nyekundu nimenyamaza kidogo.

Kijana wa Leo

Waya Mbili, upo? Nimeenda kwenye boksi la umeme nikabonyeza hicho kitufe cha T. Haikukata.

Waya Mbili

Nipo. Bonyeza hadi mwisho, shikilia kidogo. Umeme upo hapo ndani, taa zinawaka?

Kijana wa Leo

Taa zinawaka. Nimebonyeza mara tatu. Kitufe kinaingia na kurudi, swichi iko palepale juu.

Waya Mbili

Basi huna ulinzi. Umeme utaendelea kukuhudumia kama kawaida, ila ukivuja hakuna wa kuukata. Mtu yeyote asiguse hita ya maji, mashine ya kufulia wala chochote chenye bodi ya chuma mpaka fundi abadilishe hiyo swichi na kupima ethi. Nani yuko nyumbani?

Kijana wa Leo

Mtoto yuko bafuni anaoga na hita imewaka. Nazima swichi kuu kwanza, nitarudi.