Ushauri: CD za taarab nizihamishe upya kwa vile programu zimetoka mpya?

Mleta uzi (Unguja)
Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya sauti. Marehemu baba katuachia CD tele: taarab asilia ya vikundi vya Ikhwani Safaa na Culture, kaswida, na maulidi ya mitaani kwetu. Chache ni za kiwandani, zimechapwa Ulaya. Nyingi ni za kuchoma, ama za dukani Darajani, ama jamaa walizotutolea kutoka kwenye kaseti. Nilishazihamishia kwenye kompyuta miaka mingi nyuma. Za mwanzo niliweka MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde maana diski zilikuwa ndogo, zilizofuata nikaweka FLAC, aina ya faili la sauti lililo kubwa zaidi. Sasa programu niliyotumia imetoka toleo jipya, FLAC nayo imetoka mpya, na mwenzangu kazini anasisitiza nianze moja, zote. Hiyo ni kazi ya miezi, na umeme wetu mnaujua. Nianze au niache?

Mchangiaji (Wete)
Waalaykum salaam. Usianze zote, shekhe. FLAC haipotezi kitu. Tangu toleo la kwanza la 2001 kazi yake ni ileile: inabana, ukiifungua unapata namba zilezile zilizoingia. Toleo jipya litabana zaidi kidogo au litakwenda mbio zaidi, sauti haibadiliki. Ukitaka faili zipungue, bana upya kutoka FLAC ulizonazo, CD zibaki kabatini.

MP3 ndizo za kurudia. CD inabeba kama kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ya 128 ni sehemu moja tu katika kumi na moja, na kilichotupwa hakirudishwi na programu yoyote. Sikiliza fidla na qanuni zikipanda pamoja, utausikia ule mchakacho wa maji kwenye nyuzi.

Mchangiaji (Muscat)
Nakubaliana na ndugu wa Wete kwa FLAC, lakini swali kubwa lipo kabla ya FLAC: CD ilisomwa sawasawa? Draivu ikikutana na mkwaruzo huwa inakisia, inaziba pengo na kuendelea bila kukwambia. FLAC itahifadhi hilo kosa kwa uaminifu wote. Ile alama ya MD5 iliyomo ndani ya faili inathibitisha kuwa faili halijaharibika tangu lilipotengenezwa, basi. Haijui CD ilisema nini.

Pakua programu ya CUETools. Inachukua albamu uliyonayo kwenye diski na kuilinganisha na kumbukumbu ya AccurateRip, yaani watu wengine waliosoma CD hiyohiyo duniani walipata nini. Huhitaji kuitia CD yenyewe. Zinazolingana usiziguse tena. Zisizolingana, hizo ndizo uzitoe kabatini. Makosa madogo inaweza hata kuyarekebisha yenyewe, albamu ikiwa imo kwenye kumbukumbu yake.

Mchangiaji (Mwanakwerekwe)
Mie fundi, na naona mnazungumzia za kiwandani tu. Wasiwasi wangu ni zile za kuchoma. Rangi inayobeba data inakufa kwa joto na jua, na unyevu wa kwetu masika unaingia pembeni. Iinue CD mbele ya taa uitazame kwa nyuma: ukiona vitundu vya mwanga kama tundu za sindano, au ukingo umefanya ukungu, hiyo haina muda. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Na jambo jengine: CD nyingi za dukani zilichomwa kutoka MP3. Kuzirudia kwa FLAC hakuongezi kitu. Kama kaseti yake bado ipo kwa mtu, itafute kaseti.

Mleta uzi
Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Zile za maulidi je? Ni nakala pekee, hakuna mwengine aliyewahi kuzisoma, AccurateRip haitazijua. Moja ina sauti ya baba akiitikia.

Mchangiaji (Muscat)
Hizo zisome mara mbili, kwa mwendo mdogo, na ukiweza kwa draivu mbili tofauti. Programu ya Exact Audio Copy inakupa namba ya CRC kwa kila wimbo, inayokokotolewa kutokana na kilichosomwa. Namba zikifanana kote, ni dalili nzuri kuwa umepata kilichomo. Zikitofautiana, jaribu draivu ya tatu. Weka nakala sehemu mbili, moja iwe nyumba nyengine kabisa.

Mchangiaji (Mwanakwerekwe)
Anza na hizo za maulidi wiki hii. Za Ulaya hata mwakani utazikuta.

Mleta uzi
Nimefahamu. Draivu ninayo moja tu, na kompyuta mpya za dukani hazina tena.

Mchangiaji (Mwanakwerekwe)
Ninayo ya kuchomeka kwa USB, inasoma hata zilizochakaa. Nitumie ujumbe, uje uichukue baada ya Alasiri.

Mchangiaji (Wete)
Ukishamaliza maulidi, zifuate MP3. Za FLAC zilizolingana zitoe kabisa kwenye orodha yako ya kurudia, faili zenyewe zibaki.